Kazi, Ajira na Riziki: Lugha ya Kuandika Shughuli ya Mgonjwa Kisiwani Mafia

Mada ya mhadhara huu ni swali fupi ambalo mgonjwa huweza kuulizwa kabla hajaulizwa anaumwa nini: anafanya kazi gani? Swali hilo huonekana jepesi. Hujibiwa kwa neno moja au mawili, karani huliandika neno hilo au hulibadili kuwa tarakimu, na foleni husogea. Wanaisimu wa Kiswahili wameushughulikia sana msamiati wa tiba, yaani majina ya magonjwa, ya viungo na ya dawa. Msamiati wa dirisha la mapokezi, ambao mara nyingi ndio unaoamua mgonjwa atapita mlango gani na nani atamlipia, umeachiwa makarani na wahasibu. Matokeo yake ni kwamba maneno mazito kabisa ya maisha ya watu, kama vile kazi, ajira, mtegemezi na mstaafu, yameingia katika fomu bila kupimwa.

Kisiwa cha Mafia ni mahali panapofaa kuyapimia. Wilaya hiyo ya Mkoa wa Pwani, iliyo mkabala na delta ya Rufiji, ina watu wapatao 66,000 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022. Mji wake mkuu ni Kilindoni, nako ndiko iliko hospitali ya wilaya. Mgonjwa wa Jibondo, Juani au Chole huvuka kwanza kwa chombo hadi kisiwa kikubwa, kisha hushika njia ya nchi kavu kwenda Kilindoni. Watumishi wa serikali, walimu, wafanyakazi wa hoteli za watalii na wa Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995 wapo, lakini si wao walio wengi. Walio wengi huishi kwa kuunganisha shughuli kadhaa, na Kiswahili cha pwani kina kitenzi chake kwa karibu kila moja: kukwea na kuangua nazi, kufua, kukausha mbata, kufukia makumbi na kusokota kamba za usumba, kutega, kuzamia, kuchokoa pweza, kusuka ukili, kupalilia muhogo, kuamia mpunga ndege wasiumalize. Mtu mmoja huweza kuvifanya vitenzi vitano kati ya hivyo katika mwezi mmoja. Ugumu huanza pale anapotakiwa awe nomino moja.

Kabla ya kuilaumu fomu ni haki kuuliza ilitoka wapi na ilitaka kujua nini. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Marekani. Fomu ya madai ya hospitali iliyojulikana kama UB-92 ilikuwa na kisanduku cha hali ya ajira, na misimbo yake ilikuwa hii: 1 kwa mwenye ajira ya muda wote, 2 kwa ajira ya muda usio kamili, 3 kwa asiye na ajira, 4 kwa aliyejiajiri, 5 kwa mstaafu, 6 kwa aliye katika utumishi wa jeshi, na 9 kwa yule ambaye hali yake haijulikani. Orodha hiyo haikukusudiwa kueleza mwili wa mgonjwa umefanya nini. Nchini humo bima ya watu wengi hutokana na mwajiri, na sheria ilikwisha kuelekeza kwamba katika hali fulani bima ya mwajiri hulipa kwanza na mfuko wa serikali wa wazee hufuata. Msimbo ulikuwa njia ya kumtafuta mlipaji. Fomu ya UB-04, iliyochukua nafasi ya ile ya kwanza mwaka 2007, haikuendelea na kisanduku hicho. Jambo la kuzingatia ni kwamba swali lililotungwa ili kumpata mwajiri haliwezi kuwa na maana ileile mahali ambapo mwajiri hayupo.

Tanzania haikuinakili orodha hiyo, bali iliufikia mpaka uleule kwa njia yake. Uchangiaji wa gharama za matibabu katika hospitali za umma ulianza mwaka 1993. Sheria ya mwaka 1999 iliunda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma, ambapo asilimia 6 ya mshahara hukatwa, nusu ikitoka kwa mwajiri na nusu kwa mtumishi. Mwaka huohuo wa 2001 ilitungwa Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii kwa ajili ya kaya zilizo nje ya mshahara. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeileta milango yote katika jengo moja, lakini ndani ya jengo hilo bado mna sekta rasmi, sekta isiyo rasmi na watu wasio na uwezo. Kwa hiyo neno ambalo mgonjwa analitamka dirishani lina bei, na anayelitamka kwa kawaida haijui.

Uchukuliwe mfano wa mazungumzo ambayo hayana mtu maalumu bali yanafahamika kwa kila aliyewahi kusimama katika foleni ya namna hiyo. Karani kijana anasema, "Shikamoo, bibi. Unafanya kazi gani?" Mama anajibu, "Marahaba, mwanangu. Kazi sina, nipo tu." Karani anaandika kwamba hana kazi, au, kwa adabu zaidi, kwamba ni mama wa nyumbani. Mama huyo alfajiri ya siku hiyo huenda alikuwa mwambani na kijiti chake, maji yakiwa yamekupwa, akichokoa pweza; mmoja ameuzwa kwa mchuuzi na mwingine amebaki kwa kitoweo. Hakusema uongo. Karani naye hakukosea kuandika alichosikia. Kilichopotea kimepotelea ndani ya neno lenyewe.

Neno *kazi* lina tabia ambayo kamusi huitaja kwa haraka mno. Likipewa kijalizo hutanuka: kazi za shamba, kazi za nyumbani, kazi ya mikono, kazi ya kulea. Katika umbo hilo hakuna mwanamke wa Mafia atakayekubali kwamba hana kazi. Atamcheka anayemwambia hivyo. Likiachwa peke yake baada ya kitenzi cha kumiliki husinyaa: *ana kazi*, *hana kazi*, *amepata kazi*, *ameachishwa kazi*. Hapo maana yake ni mshahara na mtu anayeutoa. Umbo la mahali linathibitisha zaidi. Husemwa kwamba fulani ameenda shamba, fulani ameenda pwani, fulani yuko baharini. *Kazini* huenda yule tu anayengojewa na mkubwa wake. Mvuvi aliyekesha juu ya maji haambiwi kwamba alikuwa kazini, ijapokuwa mlinzi wa hoteli aliyelala usiku kucha mlangoni huambiwa. Karani anapouliza "kazi gani" anadhani ametumia maana pana. Mgonjwa anasikia ile finyu, na anajibu kwa unyoofu.

Usinyaaji huo una historia, na historia yenyewe ni ya karatasi. Neno *kibarua* kwa asili ni barua ndogo. Katika karne ya 19 huko Unguja na mrima wake, wachukuzi na vibarua wa siku, wengi wao wakiwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, walitambuliwa kwa cheti, na jina la cheti likahamia kwa mtu aliyekishika. *Kipande* kilifuata njia hiyohiyo kwa namna nyingine: katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na siku ambayo haikuandikwa katika kadi haikulipwa. Kwa hiyo Kiswahili kimekwisha kuwa na uzoefu mrefu wa hati inayomgeuza mtu kuwa jina, na kabla ya kuja kwa kompyuta watu wa pwani walijua kwamba kazi isiyoandikwa inaweza kuhesabiwa kuwa haikufanyika.

Baada ya uhuru nguvu ya maneno hayo ilibadilika lakini haikupungua. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwainua wakulima na wafanyakazi kuwa nguzo mbili za taifa, na jembe na nyundo vikawa alama zake. *Mkulima* likawa neno la heshima, jibu lililo salama mbele ya afisa yeyote. Mvuvi, mkwezi na msokota kamba hawakuwa na chombo chao katika alama hiyo, na wengi walijihifadhi chini ya jembe. Kisha ikaja Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, pamoja na msako wa waliohesabiwa kuwa wazururaji katika Dar es Salaam. Kwa muda, mtu wa mjini kutamka kwamba hana kazi kulikuwa ni kujitia hatarini. Yapo maneno ambayo kizazi hujifunza kuyakwepa, na kizazi kinachofuata huendelea kuyakwepa bila kukumbuka sababu. Mtafiti anayekuta safu nzima ya daftari imejaa neno *mkulima* asifikiri kuwa amepata takwimu ya kilimo. Huenda amepata takwimu ya tahadhari.

Istilahi za miaka ya karibuni hazikusaidia sana. *Kujiajiri* limekubaliwa kote, na pengine limechelewa mno kupingwa, lakini mantiki yake ni ya ajabu. *Ajira*, *ujira*, *mwajiri* na *mwajiriwa* ni uzao wa mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya malipo anayotoa mtu kwa mwingine. Anayejiajiri anatakiwa awe mkono unaotoa na mkono unaopokea kwa wakati mmoja. Neno hilo humfaa mwenye duka la Kilindoni. Je, linamfaa baharia wa jahazi la jarife? Chombo kina tajiri wake, safari ina nahodha wake, na mapato yakitolewa gharama hugawanywa kwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya watu. Baharia hana mshahara, kwa hiyo si mwajiriwa. Hana chombo wala amri ya safari, kwa hiyo hajajiajiri. Ana fungu. Kiswahili kinalo jina la uhusiano huo, ni la kale na linaeleweka, na hapana fomu inayoliuliza.

Kwa wanawake jambo ni zito zaidi, na hapa ndipo palipo kiini cha hoja. Mwanaanthropolojia Mwingereza Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa Mafia mwaka 1965 na kutoa kitabu chake cha kwanza juu ya eneo hilo mwaka 1975, ameonyesha kwa miongo kadhaa kwamba mwanamke wa huko hulima shamba lake, humiliki minazi yake kwa kupanda, kununua au kurithi, na mali yake haiingii katika mali ya mume kwa sababu ya ndoa. Mume ana yake na mke ana yake. Ndoa ikivunjika, jambo lisilo nadra, kila mmoja huondoka na chake. Sasa neno la bima kwa mke wa mwanachama ni *mtegemezi*. Ni neno zuri la kisheria, na kwa bima ya mtumishi lina faida, kwa kuwa humwezesha mwenza na watoto kutibiwa. Lakini kulichukua na kulipachika juu ya kaya ya Jibondo au Kanga ni kumwita tegemezi mtu ambaye nyumba imemwegemea. Nalo *mama wa nyumbani*, lililofasiriwa kutoka lugha ya watu waliokuwa na mshahara mmoja wa mume, linamfungia ndani mwanamke ambaye mchana wake mwingi uko shambani na ufukoni. Lugha ya kisiwa haikulizaa neno hilo. Imelipokea pamoja na fomu.

Huenda ikasemwa kwamba yote haya ni ubishi wa majina, na mgonjwa hutibiwa vilevile. Sivyo. Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, katika toleo lake la kumi, una msimbo W14 kwa kuanguka kutoka mtini, X26 kwa kugusana na viumbe wa baharini wenye sumu, na T70.3 kwa maradhi ya wazamiaji yatokanayo na mgandamizo. Una pia msimbo wa ziada, Y96, wa kuonyesha kwamba hali ya mgonjwa inahusiana na kazi. Misimbo mitatu ya kwanza daktari anaweza kuiweka kwa kumwona na kumsikiliza mgonjwa. Wa nne unategemea dirisha. Mwanamke aliyechomwa na mwiba wa taa akiwa anachokoa pweza, ikiwa ameandikwa kuwa hana kazi, ameumia kwa bahati mbaya ufukoni kama mtalii. Mkwezi aliyevunjika uti wa mgongo, ikiwa ameandikwa mkulima, ni mkulima aliyeanguka mtini. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza mwaka 2015, hauwahusu wote wawili, kwa kuwa umejengwa juu ya mwajiri na mwajiriwa. Lakini hata mjadala wa kuwatafutia kinga nyingine hauwezi kuanza, maana madaftari hayaonyeshi kwamba kazi zao zinaumiza.

Mafia inao mfano mwingine ulio mkubwa kuliko ajali. Mwaka 2000 wilaya hiyo ilikuwa ya kwanza nchini kugawiwa kwa umma dawa za kutokomeza matende na mabusha, ivermektini na albendazoli. Dawa hizo hukata maambukizi, lakini haziondoi busha lililokwisha kukua. Hilo huhitaji upasuaji. Mwanamume mwenye busha kubwa hukwea kwa taabu au hakwei kabisa, na huona haya kuvua nguo mbele ya wenzake wa chomboni. Huyo akifika hospitali na kusema "sina kazi", amesema jambo la kitabibu: ugonjwa ndio uliomwondoa kazini, na upasuaji unaweza kumrudisha. Fomu yenye tarakimu moja kwa wote wasio na ajira humchanganya na asiyepata kazi na asiyeitafuta. Wakwezi hulieleza jambo hilo vizuri kuliko fomu. Husemwa kwamba fulani *ameacha kukwea*, na kitenzi hicho katika hali timilifu kinabeba zamani yake na sasa yake kwa pamoja.

Hili linaleta suala la wakati, ambalo si la kukaa nalo sana. Msimbo humwona mtu kama alivyo siku aliyofika. Kazi za Mafia hufuata bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi. Mchokoa pweza ana siku zake za mwezi; mvuvi aliyeenda dago anakuwa mgeni katika kijiji kingine kwa wiki kadhaa, na hata swali la mahali anapoishi humtatiza. Inatosha kusema kwamba jibu la siku moja halimtoshi.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi na wanaistilahi ni kuongeza maneno: orodha ndefu zaidi, tafsiri sahihi zaidi. Mhadhara huu unaelekea kwingine. Kiswahili hakikupungukiwa na maneno ya kazi. Kina *kazi*, *shughuli*, *ajira*, *kibarua*, *riziki*, *fungu*, *pato*, kila moja na mahali pake. Kilichotokea ni kwamba fomu imechagua yale ya upande wa mwajiri na kuyaacha mengine nje ya dirisha. Mkutano wa Kimataifa wa Watakwimu wa Kazi uliofanyika Geneva mwaka 2013 ulikubali kutenga kazi na ajira: kazi ni kila shughuli ya kuzalisha bidhaa au kutoa huduma kwa matumizi ya wengine au ya mtu mwenyewe, na ajira ni ile tu ifanywayo kwa malipo au faida. Mtenganisho huo uliohitaji azimio la kimataifa umo tayari katika kinywa cha mtu yeyote wa Kilindoni. Ubaya wa azimio hilo kwa Mafia ni kwamba mwanamke anayelima mpunga wa kula tu hutoka katika hesabu ya ajira. Wema wake ni kwamba humkiri kuwa yuko katika kazi.

Kinachohitajika kwanza ni kubadili sarufi ya swali. Liwe la kitenzi badala ya nomino, na liwe mawili badala ya moja. La kwanza, "Unajipatia vipi riziki?", halina mwajiri ndani yake na haliwezi kujibiwa kwa "sina" bila mtu kushtuka kwamba amesema neno zito. La pili liulize mlipaji waziwazi: "Kuna anayekulipa mshahara?" Kwa kutenganisha hayo, mhasibu anapata alichokitaka na daktari anapata alichokihitaji. Msimbo utakuwepo, kompyuta haiwezi kufanya kazi bila msimbo. Ila karani awe na mwongozo wa vitenzi vya wilaya yake, ajue kwamba *kuchokoa* ni uvuvi, kwamba *kusokota* ni kazi ya mikono yenye pato, na kwamba anayepata fungu aandikwe kuwa anapata fungu. Vitabu vya MTUHA, vilivyosambazwa nchini tangu miaka ya 1990, vimechapishwa kwa Kiswahili. Ni nafasi ambayo nchi nyingi za Afrika hazina, na kuitumia hakuhitaji zaidi ya ukurasa mmoja wa maelezo kwa kila wilaya.

Linabaki neno *mstaafu*, ambalo haliponi kwa urahisi huo. Kustaafu ni kwa mwenye pensheni. Mkwezi wa Mafia hastaafu: huiacha minazi mirefu, akabaki na mifupi, huiacha mifupi, akakaa chini kufua, mikono ikidhoofu husokota kamba barazani. Sera ya afya humsamehe gharama mzee wa miaka 60 na kuendelea, lakini kwa sharti la kutokuwa na uwezo. Umri huthibitishwa kwa cheti, na wengi wa rika hilo hawana. Uwezo huthibitishwa kwa barua ya serikali ya kijiji, na mwandishi wa barua hiyo naye huanza kwa kuuliza, "Mzee, siku hizi unafanya kazi gani?"